Machale Yakikucheza Mezani: Mwongozo Kamili wa Kuamini Usomaji Wako Kwenye Poka

Mwaka 2003, Las Vegas, meza ya mwisho ya ubingwa wa dunia wa poka. Wamebaki wawili: Sam Farha, mchezaji wa kulipwa, na Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyefuzu kwa kucheza mtandaoni. Mezani ziko tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, nane ya shupaza na tatu ya kopa. Farha ameshika malkia wa shupaza na tisa ya kopa, kwa hiyo ana jozi ya tisa, na hakuna karata ya juu zaidi mezani. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Alikuwa akisubiri rangi (karata tano za alama moja), alikuwa akisubiri mfululizo (karata tano zinazofuatana), vyote vimemkwepa. Anasukuma chipsi zake zote, vile vidude vinavyosimamia pesa mezani, hadi katikati.

Farha anafikiri. Anamuuliza kwa sauti kama amekosa rangi yake. Na kweli amekosa. Kisha Farha anatupa karata zake, na muda mfupi baadaye ubingwa na dola milioni 2.5 vinakwenda kwa mhasibu.

Jicho la Farha halikukosea hata kidogo. Kilichokosekana ni namna ya kutoka kwenye alichokiona hadi kwenye alichokifanya, na hapo ndipo wachezaji wengi hukwama. Wanamsoma mtu sawasawa, kisha wanatenda kana kwamba hawakusoma chochote. Wengine hufanya kinyume: wanalipa dau zito kwa sababu "nilihisi tu", na wanaita hisia hiyo usomaji.

Kanuni ninayoitetea hapa ni hii: usomaji uliouweka kabla dau kubwa halijaingia unastahili kuaminiwa, unaozaliwa baada ya dau kubwa kuingia unastahili kushukiwa. Chipsi nyingi zikishafika katikati, hofu na tamaa huanza kukutafutia ushahidi, na mwenye kutafuta ushahidi hakosi kuupata. Hatua zote zinazofuata ni za kukuwezesha kufika kwenye dau hilo ukiwa tayari unajua unachokiamini na kwa kiasi gani.

Nitazungumzia Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau: kila mtu na karata zake mbili, kisha tatu za pamoja mezani (flopu), ya nne, na ya tano. Nikisema mkwara namaanisha dau la mtu asiye na kitu. Nikisema orodha namaanisha karata zote ambazo mpinzani anaweza kuwa nazo mpaka dakika hiyo. Fungu ni chipsi zote zilizokwisha kuwekwa katikati. Kulipa ni kuweka sawa na dau la mwenzako, kupandisha ni kuongeza juu yake. Na mkono, isipokuwa ninapozungumzia mwili, ni karata alizonazo mtu au mchezo mzima wa mgao mmoja.

Hatua ya 1: Jua ungefanya nini kama humjui mtu

Kabla hujamsoma yeyote, uwe na uamuzi ambao ungeufanya dhidi ya mgeni aliyeketi mezani sasa hivi. Huo ndio msimamo wako wa kuanzia. Kazi ya usomaji ni kukusogeza kutoka hapo, kidogo au sana. Asiye na msimamo wa kuanzia hana cha kusogezwa, ndiyo maana kila ishara ndogo humtupa huku na kule.

Msimamo huo unaanzia kwenye bei. Ukiwekewa dau la nusu ya fungu, tuseme fungu ni 100 na dau ni 50, unalipa 50 ili ushindanie jumla ya 200. Ukishinda mara 25 katika 100, hujapoteza wala kupata. Dau la theluthi mbili ya fungu linadai karibu asilimia 29. Dau la fungu zima linadai asilimia 33. Dau la mara mbili ya fungu, lile linalofanya meza nzima inyamaze, linadai asilimia 40 tu.

Zitazame tena namba hizo. Hakuna hata moja inayofika nusu. Mtu anayetupa karata kwa sababu "sina uhakika" anajibu swali ambalo hakuulizwa, maana bei haikudai uhakika.

Ukitaka kuchimba mkwara wewe mwenyewe, hesabu inageuka. Mkwara wa nusu ya fungu unahitaji mpinzani atupe karata theluthi moja ya nyakati. Wa fungu zima, nusu ya nyakati. Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu: kumsoma mtu kwamba ni dhaifu hakutoshi. Lazima umsome kwamba anaweza kutupa. Mwenye jozi ndogo asiyejua kuachia ni dhaifu, na bado atakulipa mpaka chipsi ya mwisho.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi ukiwa umeshatupa karata

Muda mwingi wa poka unakuwa nje ya fungu. Wengi huutumia kwenye simu. Huo ndio muda bora kuliko wote wa kusoma watu, kwa sababu huna chipsi hatarini na jicho halimpendelei yeyote.

Cha kwanza kukitafuta ni karata zinazofunuliwa mwishoni. Mtu akifunua, rudisha mkono wote nyuma kichwani: kabla ya flopu alifanya nini, kwenye flopu je, karata ya nne, ya tano, na kwa dau la ukubwa gani kila mara? Mkono mmoja uliofunuliwa na ukaukumbuka wote ni ushahidi mzito kuliko saa nzima ya kukodolea watu macho. Ukiiona miwili tu ya mtu mmoja, yenye mwenendo unaofanana, tayari una kitu cha kuanzia.

Cha pili ni ukubwa wa madau. Yupo anayeweka dogo akiwa na karata nzuri ili asikukimbize, na yupo anayeweka kubwa kwa sababu hataki kusumbuliwa. Usije na jibu kutoka nyumbani, mtazame huyuhuyu.

Cha tatu ni kasi, na mtandaoni, pasipo sura wala mikono, kasi na ukubwa ndivyo vinavyobaki. Mtu anayelipa dau papo hapo kwenye flopu mara nyingi ana karata za kati au zinazosubiri. Mwenye karata kali angetulia kidogo akiwaza kupandisha. Mwenye takataka angewaza kutupa. Aliyelipa bila kuwaza hakuwa na jambo la kuwaza. Mtandaoni lakini kumbuka kwamba aliyechelewa huenda anacheza meza nne kwa wakati mmoja.

Mwili nauweka mwisho, na ndani ya mwili sura naiweka mwisho kabisa. Mwaka 2013 Michael Slepian na wenzake walichapisha utafiti uliotumia video za mashindano ya dunia ya 2009. Watu waliooneshwa mikono tu ya wachezaji wakisukuma chipsi waliweza kukisia ubora wa karata vizuri kuliko walivyoweza kwa kutazama sura. Ina mantiki: kila mtu amejifunza kuitawala sura yake, wachache wamewahi kufikiria kiwiko. (Miwani ya jua mezani, kwa maoni yangu, inaficha sehemu yenye habari chache kuliko zote.)

Na kila ishara ya mwili ina maana tu ukiilinganisha na kawaida ya mtu huyohuyo. Anayetikisa mguu tangu alipoketi hajakwambia kitu. Siku akiacha kuutikisa, hapo tuongee.

Hatua ya 3: Punguza orodha karata kwa karata

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo inayotenganisha usomaji na ramli. Tuichukue kwa mfano mmoja mrefu.

Madau ya lazima, yale ambayo wachezaji wawili huyaweka kabla ya kuona karata, ni 1 na 2. Una ree na malkia, wote wa uru. Unapandisha hadi 6, na analipa mmoja tu, mwenye dau la lazima kubwa. Fungu lina 13. Flopu inakuja: malkia wa shupaza, nane ya shupaza, tatu ya uru. Anagonga meza (yaani anapita bila kuweka dau), unaweka 8, analipa. Fungu 29. Karata ya nne ni saba ya pau. Anagonga tena, unaweka 20, analipa. Fungu 69. Karata ya tano ni mbili ya kopa, isiyomsaidia mtu yeyote aliyekuwa akisubiri rangi au mfululizo. Safari hii hagongi meza. Anaweka 69, fungu zima.

Bei yako ni asilimia 33. Una jozi ya malkia yenye ree pembeni, mkono unaoshinda mikwara yote na kushindwa na karibu kila kitu ambacho mtu makini angewekea dau la namna hii kwa nia njema. Sasa hesabu.

Ni zipi zinazokushinda? Nane mbili: moja iko mezani, zimebaki tatu, na kutoka tatu unapata jozi kwa njia 3. Saba mbili, njia 3. Tatu mbili, njia 3. Ree mbili, wafalme wawili na malkia wawili tunawaondoa kwa sababu karibu kila mtu angepandisha nao kabla ya flopu. Jozi mbili: malkia na nane za aina moja, yaani zenye alama ileile, njia 2 (kopa na pau), malkia na saba za aina moja, njia 1 (kopa tu, kwa sababu saba ya pau iko mezani), nane na saba za aina moja, njia 2 (kopa na uru). Jumla njia 14.

Zipi ni mikwara? Waliokosa rangi ya shupaza: ree na ghulamu, ree na kumi, ree na tano, ree na nne, mfalme na ghulamu, mfalme na kumi, ghulamu na kumi, kumi na tisa, sita na tano. Njia 9, zote za shupaza. Ongeza kumi na tisa za kopa, za uru na za pau, zilizokuwa zikisubiri mfululizo: njia 3. Jumla 12.

Tazama kinachotokea. Kama huyu bwana huchimba mkwara kila anapokosa, mikwara ni 12 kati ya 26, asilimia 46. Lipa. Kama huchimba nusu ya nyakati, ni 6 kati ya 20, asilimia 30. Tupa, ingawa kwa tofauti ndogo. Kama hujawahi kumwona akichimba na unampa njia 2 tu, ni 2 kati ya 16, chini ya asilimia 13, na hapo hata usiumize kichwa.

Hapo ndipo usomaji unapopata kazi ya kueleweka. Swali limeacha kuwa "ana kitu au hana?" na limekuwa "huyu hufanya nini na zile 12, na angefanya nini mapema na zile 14?" Tuseme saa iliyopita ulimwona akifunua karata tatu za namba moja mara mbili, na mara zote alipandisha kwenye flopu yenye karata mbili za rangi moja kwa sababu aliogopa rangi. Safari hii alilipa tu, mara mbili mfululizo. Basi zile njia 9 za karata tatu za namba moja (nane, saba na tatu) zipunguze ziwe 3. Zinazokushinda zimebaki 8. Hata kama anachimba mkwara nusu tu ya nyakati, ni 6 kati ya 14, karibu asilimia 43. Usomaji mdogo kuhusu jambo alilofanya kwenye flopu umegeuza uamuzi wa karata ya tano.

Jambo moja zaidi, kwa sababu husahaulika: karata zako pia zinasoma. Kama ree yako ingekuwa ya shupaza, mikono minne ya mikwara ingefutika kwenye orodha yake, maana ree hiyo hawezi kuwa nayo. Mikwara 12 ingekuwa 8, nusu yake 4, na 4 kati ya 18 ni asilimia 22. Mpinzani yuleyule, dau lilelile, jibu tofauti.

Mezani hutaweza kuhesabu yote haya kwa usahihi, na hakuna anayetarajia uweze. Fanya hesabu hizi nyumbani, kwa mikono uliyokutana nayo, mpaka maumbo yake yakuzoelee: jozi yenye karata moja mezani ni njia 3, ree na mfalme bila kuona chochote ni njia 16, na 4 tu kati ya hizo ni za aina moja. Ukiwa mezani, makadirio ya "nyingi zaidi", "sawasawa" na "chache" yanatosha kulinganisha na bei.

Kwa wapenda historia, hivi ndivyo unavyoeleweka mkono maarufu wa Stu Ungar, bingwa wa 1980, 1981 na 1997, dhidi ya Mansour Matloubi, bingwa wa 1990. Wawili hao walicheza ana kwa ana. Mezani zikawa tatu, tatu, saba, mfalme na malkia. Matloubi aliweka chipsi zake zote na Ungar akalipa akiwa na kumi na tisa tu, bila jozi ya kwake. Matloubi alikuwa na nne na tano. Watu huusimulia kama muujiza wa jicho, lakini ukifuata madau utaona njia: mwenye jozi ya kati hana sababu ya kuweka vyote baada ya mfalme na malkia kutua, angegonga meza na kufunua kwa bei nafuu. Waliobaki ni wenye nguvu sana na wale waliokuwa wakisubiri mfululizo mdogo ambao haukuja, na dhidi ya hao wa pili hata kumi inashinda.

Hatua ya 4: Sema usomaji wako mapema

Hatua hii ni fupi, na usipoifanya hizo nyingine zitakusaidia kidogo. Kabla karata ya tano haijageuzwa, sema moyoni sentensi moja kamili. Mfano: "Akigonga meza nitaweka nusu, akiweka dau yeye na karata isiwe shupaza, nitalipa mpaka fungu zima, kwa sababu angepandisha mapema na karata kali." Sentensi iwe na sehemu tatu: unachokiamini, sababu uliyoiona kwa macho, na utakachofanya.

Ukikosa sababu uliyoiona kwa macho, huna usomaji. Una wasiwasi au una matumaini, na hilo si kosa; rudi tu kwenye msimamo wa hatua ya 1.

Faida yake inaonekana dau likija. Sasa unachokifanya ni kuuliza swali jembamba: je, limetokea jambo jipya ambalo sentensi yangu haikulitarajia? Karata ya tano kuwa shupaza ni jambo jipya. Dau la mara tatu ya fungu kutoka kwa mtu asiyezidisha nusu ni jambo jipya. Moyo kwenda mbio si jambo jipya. Ukimya wa meza si jambo jipya. Ukubwa wa chipsi ukilinganisha na mshahara wako si jambo jipya, ingawa unakwambia umekaa meza isiyo yako. Anayecheza kwa pesa asizoweza kuzipoteza hamsomi mtu. Anasoma hofu yake mwenyewe.

Hatua ya 5: Ipe kila ishara uzito wake, usizidishe

Tuseme umefanya yote na una makadirio ya asilimia 30 kwamba ni mkwara. Bei inadai 33. Unaelekea kutupa. Ghafla unaona mkono wake ukitetemeka anapoachia chipsi. Ufanye nini na hilo?

Jiulize swali moja: ishara hii hutokea mara ngapi zaidi akiwa na karata kali kuliko akiwa na mkwara? Kama hutokea mara mbili zaidi akiwa na karata kali, hesabu ni rahisi. Ulikuwa na mkwara 30 dhidi ya ukweli 70. Zidisha upande wa ukweli kwa mbili: 30 dhidi ya 140. Mkwara umeshuka hadi karibu asilimia 18. Kama ingekuwa ishara inayotokea mara mbili zaidi kwenye mikwara, ungekuwa na 60 dhidi ya 70, asilimia 46, na ungelipa. Kama hutokea sawasawa pande zote, basi haikusogezi hata nukta moja, hata ingekuwa ya kushangaza namna gani.

Kutetemeka kwa mkono, kwa njia, wageni wengi husoma kinyume. Wanadhani ni woga wa muongo. Kwa wachezaji wengi wa kawaida ni msisimko wa mtu aliyepata karata alizokuwa akiziota. Mwenye mkwara mara nyingi hukakamaa. Hataki kitu chochote kimtikisike.

Ishara tatu zinazotokana na chanzo kimoja zihesabu kama moja. Amepumua kwa nguvu, amekunja mabega, amemeza mate: hayo yote ni msisimko uleule, usizidishe mara tatu. Lakini mwenendo wa dau na mwenendo wa mwili ni vyanzo viwili, na vikikubaliana una haki ya kusogea mbali zaidi. Vikipingana, mimi hufuata dau. Dau linamgharimu, kushusha pumzi kwa maigizo hakumgharimu kitu.

Hatua ya 6: Yahoji machale yako

Kuna nyakati huna sentensi, huna hesabu, lakini machale yamekucheza na hayanyamazi. Je, uyasikilize?

Mwaka 2009 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa na misimamo tofauti kuhusu silika ya wazoefu, waliandika pamoja na kukubaliana kwamba silika inastahili kuaminiwa pale mambo mawili yanapokuwepo: mazingira yenye mpangilio unaojirudia, na nafasi ya kutosha ya kujifunza mpangilio huo kwa kupata majibu. Poka ina la kwanza. La pili inatoa kwa mkono wa birika. Ukitupa karata, hufunuliwi. Hujui ulikuwa sahihi au la.

Matokeo yake ni jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Mtu mwenye mazoea ya kutupa karata mbele ya madau makubwa ana machale ambayo hayajawahi kusahihishwa. Kila safari anajiambia "alikuwa nazo", na hakuna aliyempinga. Machale yake yanaposema "ana karata" si sauti ya uzoefu, ni sauti ya mazoea. Machale ya anayelipa mara kwa mara angalau yameshapigwa na ukweli usoni. Kwa hiyo ukitaka kujua kama uyaamini, jiulize yamepata majibu mara ngapi kwenye hali ya namna hii hasa.

Kisha jihoji haraka. Ningehisi hivi kama mtu huyu hangenichukulia fungu kubwa muda mfupi uliopita? Hasira hasara, na hasira mezani hujivika vazi la usomaji: ghafla kila dau lake linaonekana mkwara. Ningehisi hivi kama nisingekuwa nimeshaingiza chipsi nyingi kwenye fungu hili? Hizo si zako tena. Je, nataka kulipa, au nataka tu kuona? Udadisi ni sababu halali ya kulipa dau dogo, na sababu mbaya ya kulipa kubwa.

Machale yakipita maswali hayo, yape uzito wa ishara moja ya kawaida, ule wa hatua ya 5. Yasogeze asilimia 30 kuwa 40 ukitaka. Usiyaruhusu yageuze 10 kuwa 60.

Hatua ya 7: Tenda moja kwa moja

Umepata namba, umeilinganisha na bei. Lipa, tupa au pandisha. Kosa la hapa ni njia ya katikati: mtu anaamini mwenzake ana mkwara, lakini kwa kuwa anaogopa anaweka dau dogo "kupima", kisha anatupa akipandishiwa. Amelipia jibu na hakulipata.

Jipe muda wako wa kawaida, uleule kwa maamuzi mepesi na magumu kadiri uwezavyo, kwa sababu na wewe unasomwa. Ukihisi unazunguka hoja zilezile kwa mara ya tatu, hakuna kipya kinachokuja. Rudi kwenye sentensi ya hatua ya 4 na uitii.

Hatua ya 8: Pima usomaji, usipime fungu

Ukilipa ukiwa na asilimia 43 kwenye bei ya 33, utashindwa zaidi ya nusu ya safari, na bado kila malipo ni ya faida. Ndiyo maana matokeo ya mkono mmoja hayawezi kukwambia kama ulisoma vizuri. Usipolielewa hili utaacha kuamini usomaji mzuri kwa sababu ya safari tatu mbaya.

Dawa ni daftari, au ukurasa kwenye simu. Andika baada ya mkono, mapema kabla kumbukumbu haijajipamba: usomaji ulikuwa upi, uliuweka kabla au baada ya dau kubwa, ulitokana na nini (karata zilizofunuliwa, ukubwa wa dau, kasi, mwili, machale), uliupa asilimia ngapi, na jibu kama lilionekana. Ile asilimia iandike ile uliyokuwa nayo kabla ya kufunuliwa. Kuirekebisha baadaye ni kujidanganya kwa kalamu.

Kurasa zikijaa, zipange kwa makundi. Pale ulipoandika karibu asilimia 40, je, mikwara imekaribia 4 kati ya 10? Ikiwa ni 2, unaona mikwara isiyokuwepo, na unapaswa kukata makadirio yako yote ya namna hiyo kwa nusu mpaka utakapojirekebisha. Ikiwa ni 6, umekuwa ukitupa pesa zako. Linganisha pia usomaji wa kabla na wa baada. Kwa wengi hapo ndipo tofauti inapotokeza wazi kuliko popote.

Kasoro ya daftari ni ileile ya poka yenyewe: mikono uliyotupa haina majibu. Kwa hiyo pale ambapo makadirio yako na bei vimelingana kabisa, mimi ninashauri ulipe. Kwa hesabu ni sawa kwa sawa, ila malipo yanakuja na karata zilizofunuliwa, na kutupa hakuji na kitu. Usifanye hivyo pale ambapo bei inakupinga waziwazi, hata kwa kisingizio cha kujifunza.

Ukikuta chanzo kimoja, tuseme mwili, hakijakusaidia kuliko kukisia, kiondoe kabisa kwa muda. Cheza kwa karata zilizofunuliwa na ukubwa wa madau peke yake. Kisha rudisha ishara moja, ya mtu mmoja unayekutana naye mara nyingi, na uipe safu yake kwenye daftari kabla hujaongeza ya pili.